Coco Chanel: Binti wa mchuuzi aliyekata nguo za mwili ulionyooka

Huenda ushawahi kuitwa ubao. Ama mlingoti. Ama umetaniwa kwamba ukigeuka upande huonekani. Ikiwa mabega na nyonga zako zina upana mmoja, kiuno hakijakatika sana, kifua ni kidogo na miguu ni ya mtu anayekimbia ama kucheza mpira, maneno haya si mageni kwako.

Pwani yetu imezoea kumsifu mwanamke mwenye kiuno chembamba na nyonga pana. Harusini ndiye anayetazamwa, na picha zake ndizo zinazopendwa mitandaoni. Wauzaji nao wameshaona soko liko wapi. Kuna nguo za ndani zilizojazwa sifongo, na kuna krimu na vidonge vya kuongeza makalio ambavyo hakuna daktari aliyekuandikia.

Kabla hujatoa pesa yako, kaa kidogo usome maisha ya mwanamke mmoja wa Ufaransa aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita. Alikuwa mwembamba, nyonga hana, kifua bapa, shingo ndefu. Mwili wake hakuugusa. Alichobadilisha ni nguo, na wanawake wa nchi nyingi wakamfuata. Hakuwa malaika hata kidogo, na hilo pia tutalifikia.

Binti wa mchuuzi

Gabrielle Bonheur Chanel alizaliwa Agosti 19, 1883 mjini Saumur, katika hospitali ya maskini. Mamake, Jeanne, alikuwa dobi. Babake, Albert, alikuwa mchuuzi wa kuzunguka masokoni, akiuza nguo za kazi na nguo za ndani. Ukiwajua wanaobeba marobota ya mitumba kutoka gulio hadi gulio, basi unaijua kazi ya mzee Chanel.

Mama alifariki 1895, Gabrielle akiwa na miaka 11. Baba hakukaa na watoto. Wavulana walipelekwa kufanya kazi mashambani, na wasichana wakaachwa katika makao ya mayatima ya watawa huko Aubazine. Hapo ndipo alipofundishwa kushika sindano.

Alipofika miaka 18 alihamia mji wa Moulins. Mchana alishona na kurekebisha nguo dukani, jioni akawaimbia wanajeshi mkahawani. Sauti haikuwa kubwa na uimbaji haukumfikisha mbali, ila ulimwachia jina la Coco, na hilo ndilo lililobaki.

Nguo zilizofunga pumzi

Ili uelewe alichofanya, lazima ujue wanawake wa wakati huo walivaaje. Chini ya gauni kulikuwa na koseti, yaani vazi gumu la ndani lililotiwa vipande vya mfupa wa nyangumi au chuma na kufungwa kwa kamba mgongoni. Lilibana tumbo, likasukuma kifua mbele na makalio nyuma. Juu yake zikaja tabaka za kitambaa, lasi, na kofia kubwa kama sinia la pilau.

Mwanamke aliyevaa hivyo hakuweza kukimbia wala kuinama vizuri. Na aliyekuwa na mwili ulionyooka aliteseka mara mbili: alibanwa apate kiuno asichokuwa nacho, kisha akajazwa vitambaa apate nyonga asizokuwa nazo. Biashara ya sifongo si ya jana.

Karibu na 1906 Chanel alienda kuishi Royallieu, katika jumba la Étienne Balsan, tajiri aliyefuga farasi wa mashindano. Wageni wa kike walikuja wamejipamba kupindukia. Yeye hakuwa na pesa ya kushindana nao, na mavazi yale hata hivyo hayakumkaa.

Basi akachukua njia nyingine. Aliazima mashati, tai na makoti ya wanaume, akaenda kwa fundi ashonewe suruali ya kupandia farasi, akavaa kofia ndogo isiyo na mbwembwe. Kwenye mwili wake, nguo hizo zilining'inia zikatulia. Watu walimcheka kwanza, halafu wakaanza kumuuliza kofia ameipata wapi.

Hapo kuna somo lako la kwanza. Mwili ulionyooka hubeba vizuri nguo zilizokatwa kwa mistari minyoofu: shati la kiume, koti, suruali ya miguu iliyonyooka. Kitambaa huanguka kutoka begani hadi chini bila kukwama popote. Dadako mwenye nyonga pana akivaa shati hilohilo, vifungo huvutana. Wewe hayakusumbui hayo, na hata hujui kwamba ni bahati.

Kitambaa cha nguo za ndani

Mwaka 1910, akisaidiwa na pesa za Mwingereza Arthur Capel, mpenzi wake, Chanel alifungua duka la kofia Paris, mtaa wa Cambon. Mwaka 1913 alifungua jingine Deauville, mji wa ufuoni ambako matajiri walienda kupunga upepo na kutazama mbio za farasi. Aliwatazama mabaharia na wavuvi na fulana zao, akashona nguo pana, laini, zisizobana kiuno.

Mwaka uliofuata vita vikuu vilizuka. Matajiri walikimbilia Deauville, wanaume wakaenda vitani, na wanawake wakaanza kutembea kwa miguu na kuhudumia majeruhi hospitalini. Nani angebeba machela akiwa amefungwa kwa mfupa wa nyangumi? Duka la Chanel lilijaa wateja.

Vitambaa vizuri vilikuwa adimu, kwa hivyo alinunua kitambaa cha kufuma ambacho wengine walikidharau kwa sababu kilitumika kushonea nguo za ndani za wanaume. Kiliitwa jersey, jina la kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa. Jina hilohilo ndilo unalolitamka ukisema jezi ya timu yako. Kitambaa hiki huvutika na kurudi, hakina ukali, na hulala juu ya mwili bila kuulazimisha.

Mwaka 1915 alifungua nyumba ya mavazi huko Biarritz. Biashara ilimwezesha kumrudishia Capel pesa zake zote. Desemba 1919 Capel alifariki katika ajali ya gari, na kwa Chanel lilikuwa pigo zito. Aliendelea kufanya kazi.

Tuseme haki hapa: hakuwa peke yake, wala hakuwa wa kwanza. Paul Poiret alikuwa ameanza kuondoa koseti miaka kadhaa kabla yake. Naye mcheza tenisi Suzanne Lenglen alitwaa taji la Wimbledon 1919 akiwa na sketi iliyoishia kwenye ndama za miguu, mikono mifupi na bila koseti, hadi wazee wakashika vichwa. Baadaye Jean Patou alimshonea nguo za kuchezea, na wanawake ambao hawajawahi kushika raketi wakazitaka. Kama wewe ni mchezaji wa netiboli ama mkimbiaji, Lenglen ni dada yako wa zamani.

Mwili wako ulipokuwa mtindo

Katika miaka ya 1920 mambo yaligeuka. Gauni la wakati huo lilishuka moja kwa moja, mshipi ukakaa chini kwenye nyonga, nywele zikakatwa fupi. Mwaka 1921 Chanel alitoa manukato Nambari 5 yaliyotengenezwa na Ernest Beaux. Mwaka 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni lake jeusi, fupi na la kawaida, likalifananisha na gari la Ford kwa kuwa kila mtu angeweza kuwa nalo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wanawake wenye vifua vikubwa na nyonga pana ndio walioanza kujificha. Walijifunga vitambaa kifuani wawe bapa. Wasichana waliositiriwa na koseti jana wakawa wanajiona wanene leo.

Halafu Februari 1947 Christian Dior akaleta mtindo mpya Paris: kiuno kimebanwa tena, nyonga zimejazwa pedi, sketi imetumia mita nyingi za kitambaa. Gurudumu likazunguka, na wenye miili iliyonyooka wakarudi kuambiwa wana upungufu.

Katika miaka 40 tu, mwili mmoja ulikuwa aibu, ukawa sifa, ukawa aibu tena, na mwili wenyewe haukubadilika hata inchi moja. Kumbuka hilo mtu akikupigia simu kukuuzia vidonge.

Upande wa giza

Ukimpenda mtu kwa kazi yake usifumbe macho kwa mengine. Wafanyakazi wa Chanel waligoma 1936 wakidai haki zao, na vita vya pili vilipozuka 1939 alifunga nyumba yake ya mavazi, washonaji wakabaki bila kazi.

Wajerumani walipoiteka Paris, yeye aliishi katika hoteli ya Ritz na kuwa na uhusiano na afisa wa Kijerumani, Hans Günther von Dincklage. Mwaka 1941 alijaribu kutumia sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi kuwanyang'anya ndugu wa familia ya Wertheimer kampuni ya manukato, ambayo walikuwa wabia wake tangu 1924. Hakufaulu, kwa sababu walikuwa wameshaihamishia kwa mtu mwingine. Nyaraka zilizotolewa baadaye zinaonyesha kwamba alisajiliwa na idara ya ujasusi wa kijeshi ya Ujerumani.

Mwaka 1944 alikamatwa, akahojiwa, akaachiliwa, kisha akaenda kuishi Uswisi kwa miaka mingi. Yatima aliyejua kudharauliwa ni nini alikuwa tayari kunufaika na mateso ya wengine. Kwa hivyo chukua mkasi wake, usichukue moyo wake.

Kurudi na miaka 70

Februari 5, 1954, akiwa na miaka 70, Chanel alifungua tena. Magazeti ya Ufaransa yalimponda, yakasema amepitwa. Wateja wa Marekani walinunua. Na pesa za kurudi zilitoka kwa walewale Wertheimer aliotaka kuwapora.

Alichokuja nacho ni suti ambayo mpaka leo inaigwa: jaketi fupi lililonyooka na sketi inayofika gotini. Jaketi halikuwa na kiuno cha kubana. Ndani ya pindo la chini alishonea mnyororo mwembamba ili uzito wake ulivute likae sawa. Mifuko ilikuwa ya kweli, ya kutia mikono. Mwaka uliofuata alitoa mkoba wenye mnyororo wa kutundika begani, ili mwanamke aache mikono huru.

Fundi huyu hakuchora. Alining'iniza mkasi shingoni kwa utepe, akamsimamisha mwanamitindo mbele yake na kukata, kubandika pini, kufumua na kuanza upya kwa saa nyingi. Alipopasumbukia zaidi ni kwapa na bega. Alitaka tundu la mkono liwe juu, karibu na kwapa, ili ukiinua mkono jaketi lote lisipande nao.

Alifariki Januari 10, 1971 katika hoteli ya Ritz, akiwa na miaka 87, huku akiandaa nguo za msimu uliofuata. Amezikwa Lausanne, Uswisi.

Kutoka Paris hadi Kongowea

Sasa wewe uliye Likoni, Kisauni ama Changamwe, suti ya Chanel huna haja nayo na joto letu halikuruhusu. Lakini kanuni zake zinafanya kazi kwenye rundo la mitumba la Kongowea ama kwa fundi wa mtaani.

Anza na bega. Ukichagua nguo, mshono wa bega ukae kwenye ncha ya mfupa wako, usipande shingoni wala usianguke mkononi. Fundi atapunguza ubavu na kukata pindo kwa bei nafuu, lakini kusogeza bega ni kufumua nguo nzima. Kama una jirani anayeshona katika viwanda vya EPZ upande wa Changamwe, mwombe akuonyeshe mishono hii. Anaijua kama njia ya kwao.

Kisha amua unataka nini, kwa maana njia ni mbili na zote ni sawa.

Njia ya kwanza ni kuufuata mstari wako, kama alivyofanya Chanel. Vaa rangi moja toka juu hadi chini, suruali iliyonyooka na shati lililochomekewa, ama gauni lililonyooka linaloishia chini kidogo ya goti. Ukivaa abaya, chagua iliyo wazi mbele juu ya gauni la rangi tofauti: ile nafasi katikati hukupa mstari mrefu. Chagua pamba, kitani ama jezi nyepesi. Kitambaa kigumu sana hukufanya sanduku.

Njia ya pili ni kutengeneza mkunjo kwa kitambaa. Mama zetu wa Kimijikenda walijua hili kabla ya Paris kutufikia. Hando lao, sketi ya vitambaa vilivyokunjwa marinda tabaka juu ya tabaka kuanzia kiunoni, humpa nyonga mwanamke yeyote, awe nazo ama hana. Dhana hiyo unaipata leo kwenye sketi ya marinda, sketi inayofunguka kwenda chini, ama suruali ya kiuno cha juu yenye mikunjo miwili mbele na mifuko ya pembeni. Blauzi fupi inayofunguka kutoka kiunoni nayo hukusaidia, na vilevile gauni la kupishanisha mbele na kufungwa ubavuni.

Dera nalo lina siri yake. Likiachwa huru kwenye mwili ulionyooka huwa kama shuka kwenye kamba. Kunja leso iwe nyembamba uifunge pale mbavu zinapoishia, ambapo ndipo pembamba pako, si chini kwenye nyonga. Dera litajikunja lenyewe juu na chini ya leso, na kiuno kitaonekana bila kumbana mtu.

Ikiwa mabega yako ni mapana kwa sababu ya kuogelea ama mazoezi, pendelea shingo ya V na mikono ambayo mshono wake unaanzia shingoni kwa mshazari. Achana na mikono iliyojaa upepo. Mchezo uweke chini: sketi yenye maua makubwa ama rangi kali, juu pawe patulivu.

Usilipe kabla hujajaribu kutembea. Inua mikono yote miwili kama unayemsuka mwenzio. Chuchumaa. Piga hatua ndefu kama mtu anayewahi feri. Nguo ikipanda, ikikatika ama ikikunyima pumzi, irudishe kwenye rundo hata kama ni ya bei ya kutupa.

Na ukifika kwa fundi, usianze kumwomba radhi kwa sababu huna nyonga. Mpe vipimo vyako, mwonyeshe bega linataka kukaa wapi, mwambie unataka mstari ama mkunjo. Kazi ya kuifanya nguo ikutoshee ni yake, na ndiyo unayomlipia.